Anayeona Baridi ni Mvuvi, si Samaki

Kwa Mswahili wa pwani, "maji baridi" ni maji yasiyo na chumvi, hata kama yana joto la kuoga. Nalitaja hili mapema kwa sababu ninayoandika hapa ni ya baridi yenyewe, ile ya Januari katika mabwawa ya Tennessee na Missouri, ambako pete za ufito huziba kwa barafu, vidole havihisi fundo la mshipi, na kipimajoto cha mashua husoma nyuzi 6 za Selsiasi. Samaki ni besi, wa mdomo mpana na wa mdomo mdogo. Huyo wa mdomo mpana ndiye yule yule anayejulikana na Mkenya wa Naivasha. Na ugomvi wangu ni na fundisho moja ambalo kila mwaka, majani yakishapukutika, hurudiwa kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, kwenye magati, na siku hizi hata kwa Kiswahili, miongoni mwetu Wakenya, Wakongo, Warundi na Watanzania tunaovua huku. Linasema hivi: maji yakipoa besi hali, akila, hula kidogo, kwa hiyo mpe chambo kidogo, kivute polepole, na usitegemee mengi. Mwenye busara, wanaongeza, hufunga sanduku lake la vyambo na kungoja Aprili.

Nimelifuata fundisho hilo kwa utiifu misimu mitatu. Mwaka wangu wa kwanza huku, muuzaji wa duka moja alinipangia mezani kile alichokiita vifaa vya baridi: vipande vya plastiki laini visivyozidi kidole changu cha mwisho, vichwa vya risasi vidogo kama punje ya mtama, na mshipi mwembamba kama unywele. Nililipa. Nilikaa kwenye mashua kuanzia Desemba hadi Machi nikivikokota vitu hivyo juu ya tope, nikirudi nyumbani mikono mitupu, na kila niliyemsimulia alinijibu kwa upole ule ule: ndivyo baridi ilivyo, ndugu yangu, hata samaki wamelala.

Hawajalala. Nataka niseme walikosea wapi, maana kosa hili linawanyima watu miezi minne ya uvuvi kila mwaka, na miezi hiyo ndiyo yenye samaki wakubwa.

Nilikulia karibu na Ziwa Naivasha, mita zipatazo 1,890 juu ya usawa wa bahari. Besi waliletwa pale kutoka Marekani mwaka 1929, na kamba wekundu wa Louisiana wakafuata mwaka 1970, hivyo besi wa Naivasha anakula hadi leo kitoweo cha kwao. Julai na Agosti, ukungu ukiwa umelala juu ya mafunjo na sisi watoto tumevaa sweta mbili mbili, wavuvi wazee walituambia samaki wameganda. Tuliamini. Miaka mingi baadaye, nikiwa na kipimajoto mkononi, ndipo nilipoelewa: maji ya Naivasha, hatua chache tu kutoka ikweta, hayakaribii hata nyuzi 10 katika Julai ya ukungu mzito. Besi wa Missouri angeyaona maji hayo kuwa ya Mei. Aliyeganda pale alikuwa mzee mwenyewe, ndani ya mtumbwi saa kumi na mbili asubuhi bila koti. Alichukua baridi ya mgongo wake akamvisha samaki.

Mzizi wa fundisho zima ni huo. Sisi tuna joto la nyuzi 37 la kulinda, na likishuka kidogo tu tunatetemeka na kutamani moto. Besi hana joto la kulinda. Maji yakiwa nyuzi 6, mwili wake nao uko hapo hapo, na hakuna kinachomtetemesha. Kinachobadilika ni kasi ya shughuli za ndani: moyo hupiga taratibu, chakula hukaa tumboni muda mrefu zaidi, na mlo ambao Juni ungemtosha kutwa moja unaweza kumvusha siku kadhaa. Hapa wapinzani wangu wana haki, nami siwanyimi. Lakini kula mara chache na kutokula ni mambo mawili. Samaki anayekula mara chache bado ana saa yake ya kula, na saa hiyo huwa na kiu ya kitu chenye faida kubwa kisichomgharimu mbio. Tena jike hubeba mayai yanayokua ndani yake kipindi hicho hicho cha baridi, kabla ya kutaga majira ya kuchipua. Mayai hayajengwi kwa hewa.

Tazama kumbukumbu za wazi. Besi mkubwa kuliko wote waliowahi kuandikwa katika jimbo la Texas, mwenye kilo 8.25, alivuliwa na Barry St. Clair katika Ziwa Fork tarehe 24 Januari 1992. Anayeshikilia rekodi ya Tennessee, Gabe Keen, alimtoa samaki wa karibu kilo 6.9 katika bwawa la Chickamauga tarehe 13 Februari 2015. Texas ina mpango uitwao ShareLunker, ulioanza mwaka 1986, ambao hupokea besi wa pauni 13 na zaidi, yaani karibu kilo 6, kwa ajili ya kuzalisha vifaranga. Msimu wake wa kuwapokea ni Januari hadi Machi. Serikali ya jimbo haiwezi kufungua milango yake kwa ajili ya samaki wakubwa wa kuzalisha katika miezi ambayo hakuna anayewapata.

Wapinzani hunijibu kwa rekodi za dunia, na ni jibu la haki. George Perry alivua besi wake wa kilo 10 huko Georgia tarehe 2 Juni 1932. Manabu Kurita alimfikia katika Ziwa Biwa, Japani, Julai 2009. Besi mkubwa wa mdomo mdogo ni wa David Hayes, kutoka bwawa la Dale Hollow, Julai 1955. Wote wa joto. Sawa. Lakini hakuna aliyedai kwamba besi hali Julai. Dai lililo mezani ni kwamba hali Januari, na dai la namna hiyo huvunjwa na samaki mmoja tu.

Huyo wa St. Clair anafundisha zaidi ya uzito wake. Bwana yule hakuwa akitafuta besi. Alikuwa akivua krapi, samaki wadogo watamu, kwa kisamaki hai, katika kina cha karibu mita 13. Mtu wa fundisho la zamani atarukia kile kisamaki kidogo na kupiga kelele: unaona, chambo kidogo! Mimi naangalia zile mita 13. Ni wangapi siku hiyo walikuwa na chambo cha ukubwa ule ule wakikikokota kwa upole kwenye mita 3, palepale walipowapata samaki Mei? Walikuwa na ukubwa sahihi na mwendo sahihi kwa mujibu wa mafunzo yao, wakawa mahali pasipo na samaki.

Katika jambo hili la kina nilifunguliwa macho na mzee mmoja Mrundi wa Rumonge, ambaye kwao ni ukingoni mwa Tanganyika. Alikuwa amevua ndagala, yaani dagaa wa kwao, tangu ujana, usiku, kwa taa na nyavu, na alipokuja Tennessee hakuwa na habari ya ufito wala rili. Siku ya kwanza nilipompakia mashuani, nilikuwa nimeshaanza kumwelezea habari za kuvuta polepole. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ndagala wa hapa wako kina gani leo?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na vyambo thelathini na sita kwenye sanduku, kila kimoja na rangi yake, na sikujua chakula cha samaki kiko mita ngapi chini ya miguu yangu.

Ndagala wa hapa huitwa shadi. Wapo wa aina mbili zinazomhusu mvuvi wa mabwawa haya. Shadi wa firigisi huvumilia baridi vizuri. Shadi wa uzi, mwembamba zaidi, ana asili ya kusini na baridi humwonea: maji yakikaribia nyuzi 7 huanza kulegea, na yakizidi kushuka hufa kwa makundi. Ukiwa kwenye mashua siku kama hizo utawaona wakiogelea kwa ubavu, wakijitikisa mara mbili kama waliokumbuka jambo, kisha wakitulia kabisa, kisha wakizama kidogo, kisha wakijitikisa tena. Chini yao, bila haraka, besi wanangoja. Mtu aliyeshuhudia hilo mara moja hawezi tena kuamini kwamba kuna funga ya Januari. Kuna karamu, na imeandaliwa na baridi yenyewe.

Basi chambo bandia cha baridi kinapaswa kuiga nini? Kiige samaki anayekufa. Naye samaki anayekufa haendi polepole. Yeye hujitikisa ghafla na kusimama. Hapo ndipo methali yetu tamu, polepole ndio mwendo, imetuponza wavuvi wa Kiswahili. Tunavuta polepole, mfululizo, mita baada ya mita, na chambo chetu kinafanana na kiumbe mzima mwenye safari yake. Besi anakitazama kikipita kama mtu aliyeketi barazani anavyotazama gari la mbali. Kinachomwinua ni kitu kilichoshindwa kuendelea na safari, kikasimama mbele ya pua yake.

Wavuvi wa milima ya Ozark waliligundua hilo kwa mikono yao. Kwenye mabwawa kama Table Rock walichukua Rogue, kisamaki cha plastiki kilichotengenezwa ili kielee, wakakitoboa na kutia risasi mpaka kikaacha kupanda juu. Kikivutwa kinazama, kikiachwa kinabaki pale pale kilipofika, kimening'inia katikati ya maji. Viwanda viliwafuata, na leo chambo cha namna hiyo, kiitwacho jekibeiti, kinauzwa kila duka: chembamba, chenye urefu wa kiganja, mdomo mfupi wa kuzamia, ndoana mbili au tatu za makucha matatu. Wazo la msingi ni la zamani zaidi. Lauri Rapala wa Ufini, mwaka 1936, alichonga kisamaki chake cha kwanza kwa gome jepesi na kukifunika kwa karatasi ya chokoleti, baada ya kuona jinsi samaki wala-samaki walivyomchagua yule mmoja aliyeyumba katikati ya kundi la wazima.

Lakini usidhani ukinunua jekibeiti umemaliza. Maji yanapopoa kuelekea nyuzi 4 huwa mazito zaidi, na kisamaki kilichotulia vizuri Oktoba kinaweza kuanza kupanda juu Januari. Mimi huchota maji ya bwawa lenyewe kwenye ndoo, siku hiyo hiyo, na kukitumbukiza kisamaki kikiwa na ndoana zake na pete zake zote. Kikipanda, nakata kwa mkasi mdogo kipande cha utepe wa risasi wenye gundi, upana wa ukucha, nakibandika tumboni kati ya mdomo na ndoana ya kwanza. Nakitumbukiza tena. Nataka kitulie, pua ikiinama kidogo kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Kikizama upesi, napunguza kipande kwa nusu. Kazi hii huchukua robo saa na wenzangu gatini hunihimiza niiache, tuondoke, jua linapanda. Siiachi. Kisamaki kinachopanda juu wakati wa kusimama kinamwambia besi kwamba kingali na nguvu, na hilo ndilo neno la mwisho unalotaka alisikie.

Kisha kuna kusimama kwenyewe. Waulize wavuvi wamesimamisha chambo kwa muda gani, watakuambia sekunde kumi. Wapime kwa saa: ni tatu. Baridi ya vidole huharakisha hesabu. Katika maji ya nyuzi 6 mimi hupiga mishtuko miwili mifupi kwa ncha ya ufito, nalegeza mshipi, na nahesabu hadi 15 bila kugusa chochote. Nyuzi zikiwa 4 nafika 25. Ni muda mrefu kwelikweli. Upepo unakupiga uso, hakuna kinachotendeka, na mwili wote unakusihi uzungushe rili. Na pigo lenyewe, likija, halifanani na pigo la Juni. Mara nyingi ni uzito tu, kama ndoana imenasa shati lililolowa, au mshipi unahama pembeni nusu mita bila sababu. Anayengoja kutikiswa atasema samaki hawali. Wamekula, wakatema, yeye akiwa anapuliza vidole.

Ninajua jibu litakalokuja sasa: kwamba kusimama ni polepole kwa jina lingine, kwa hiyo tunasema jambo moja. Hapana. Twende kwenye majani ya chini ya maji ya Sam Rayburn huko Texas. Wavuvi wa pale, Januari na Februari, hutumia kisamaki bapa kisicho na mdomo, chenye vigololi vinavyolia tumboni, mfano wa Rat-L-Trap. Wanakiacha kizame hadi kinase kwenye majani, kisha wanakichomoa kwa nguvu, mkono mzima, kinaruka juu kwa kishindo na kuanza kuanguka tena. Hakuna upole wowote hapo. Samaki hushika wakati wa kuanguka. Au chukua bamba: kipande bapa cha chuma chenye risasi kichwani, chambo kisicho na uzuri wowote, ambacho wavuvi wa Dale Hollow wamekitumia kwa vizazi kuwatoa besi wa mdomo mdogo katika kina kirefu. Unakiinua sentimita 30 kwa mkupuo hadi uhisi kinatetema kwenye kiganja, kisha unakishusha mshipi ukiwa umenyooka. Kwa kasi ni cha haraka kuliko karibu kila kitu kwenye sanduku. Kwa umbali, kimekwenda sentimita 30. Kwa saa nzima kinaweza kubaki juu ya jiwe lile lile moja.

Hicho ndicho kipimo, na ndicho fundisho limekikosa. Baridi imempunguzia besi umbali anaokubali kuufuata. Haijamwondolea uwezo wa kushtuka. Kitu kikipita ghafla karibu na uso wake atakiuma kabla hajafikiri, majira yoyote. Ukimpa mwendo mkali ndani ya eneo dogo umemheshimu. Ukimpa mwendo wa taratibu unaotoka alipo na kutokomea umemfukuza.

Suala la ukubwa linanikera zaidi, kwa sababu hapo ushahidi umekaa hadharani na watu wanaupita. Oktoba 2011, Paul Elias alishinda mashindano katika bwawa la Guntersville, Alabama, kwa jumla ya karibu kilo 46.5 za samaki, akitumia kifaa kilichobuniwa na Andy Poss wa jimbo hilo hilo: nyaya tano zilizotawanyika kama mbavu za mwavuli, kila moja na kisamaki chake. Ni kundi zima la shadi kwenye mshipi mmoja. Kilifanya kazi kiasi kwamba mwaka uliofuata B.A.S.S., shirika linaloendesha mashindano ya besi, ilikipiga marufuku katika mashindano yake makubwa kabisa, na majimbo kadhaa yakaweka ukomo wa ndoana. Mwavuli huo ndio chambo kikubwa na kizito kuliko vyote ambavyo mvuvi wa besi wa kawaida hurusha. Na msimu wake uliopata sifa zaidi ni upi? Ni baridi, juu ya maji marefu, shadi wakiwa wamejikusanya. Kama besi wa Januari angekuwa mgonjwa wa kulishwa kwa kijiko, asingefungua kinywa mbele ya visamaki vitano.

Februari 2015, katika Ziwa Hartwell, South Carolina, mashindano ya Bassmaster Classic yalifanyika katika baridi iliyoshuka chini ya sifuri. Casey Ashley alishinda kwa chambo ambacho baba yake alikitengeneza nyumbani: kichwa cha risasi chenye bamba dogo la kung'aa chini yake, likizunguka na kumeta kama shadi, na mwili laini nyuma. Hakuvua kwa punje ya mtama. Alivua kwa kitu chenye umbo, ukubwa na mmeto wa chakula kilichokuwepo, kwenye kina kilipokuwepo.

Sasa niwatendee haki wapinzani wangu walio hodari zaidi. Ned Kehde wa Kansas amewafundisha maelfu ya watu kuvua besi kwa vipande vidogo vya plastiki kwenye vichwa vyepesi, na hufanya hivyo hata katikati ya baridi, akihesabu samaki wake kwa uangalifu wa mhasibu. Nao watu wa mashariki ya Tennessee, majirani zangu, wana njia yao ya boya na unyoya: ndoana ndogo iliyofungwa manyoya, yenye uzito wa gramu mbili hivi, ikining'inia mita 3 au zaidi chini ya boya, ikirushwa kwa ufito mrefu kupita kiasi. Vidogo hivyo vyote vinaua. Nisingethubutu kusema vinginevyo. Nimekula chumvi ya watu hawa.

Lakini vitazame kwa makini. Plastiki ya Kehde inaelea. Ukisimamisha chambo, mkia hupanda na kusimama wima juu ya sakafu ya ziwa, ukicheza kidogo bila wewe kufanya lolote. Boya la Tennessee nalo lina kazi moja, kuuzuia unyoya usizame wala usipande, ukae katika mita zile zile huku mawimbi madogo yakiutikisa. Vyote viwili ni vyombo vya kukaa mahali. Waliosoma udogo wake wakaacha kusoma ukaaji wake ndio walioniuzia punje zangu za mtama. Mwaka ule nilikuwa na plastiki zinazofanana na za Kehde, nikazikokota bila kusimama kwenye kina nilichokichagua kwa sababu ukingo ule ulikinga upepo. Upepo ulikuwa tatizo langu, si la besi.

Na ukingo nao una somo, hasa kwetu tuliotoka karibu na ikweta, tuliozoea jua la utosini. Huku Januari jua hupita chini, upande wa kusini. Ukingo wa kaskazini wa ghuba, ule unaotazama kusini, ndio unaopata mwanga kutwa, na mawe yake meusi yakipata jua la saa nane mchana huweza kupandisha maji yanayoyagusa kwa nyuzi moja au mbili. Nyuzi moja ni kitu kidogo kwa mwenye koti. Kwa shadi aliye ukingoni mwa kifo ni kitu kikubwa, na anakokwenda shadi nimeshasema nani hufuata.

Rangi nitazipita haraka, maana zimepewa heshima kuliko stahili yake. Maji maangavu, chukua rangi ya shadi, fedha na kijivu. Maji ya tope, ongeza weupe mzito au njano. Palipo na kamba, nyekundu na kahawia hazitakuangusha, Texas wala Naivasha. Mwenye rangi mbaya kwenye kina sahihi atavua; mwenye rangi nzuri kwenye kina kibaya ataoga upepo.

Jambo moja linanihuzunisha, na ni tunda la fundisho lile lile. Walioamini kwamba samaki wamelala, wakija kumpata mmoja, hushangilia kupita kiasi na kumweka juu ya mashua dakika nzima kwa picha. Hewa ikiwa chini ya sifuri, mashavu yake mabichi huganda upesi kuliko unavyofikiri. Na aliyetolewa kina cha mita 10 au zaidi anaweza kuwa na kibofu cha hewa kilichovimba. Ukimtupa anaelea ubavu juu, na kuna ndege wanaolijua hilo. Mshike kwa mikono iliyolowa, mpime haraka, mrudishe. Akishindwa kuzama, usimwache hivyo. Jifunze mapema kutoka kwa mwenye ujuzi namna ya kumsaidia ashuke. Nawe vaa jaketi lako la kuokolea tangu gatini, kwa maana maji haya hayakupi muda wa kuogelea.

Januari iliyopita nilirudi na yule mzee wa Rumonge kwenye rasi ya mawe ambayo mkondo wa zamani wa mto unaigusa. Kioo cha sona kilionyesha wingu la shadi kuanzia mita 2 hadi 4, na chini yao alama tatu nene, zimetulia. Maji yalikuwa nyuzi 6. Nilimfungia jekibeiti tuliyoipima kwenye ndoo, akairusha kupita rasi, akaizamisha kwa mizunguko sita ya rili, akaishtua mara mbili. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti, taratibu, kama anayehesabu makreti ya ndagala ufukweni. Kwenye mashua ya jirani vijana wawili walikuwa wakikusanya vitu vyao waondoke. Mmoja alituinulia mkono na kutikisa kichwa, kwamba leo hakuna kitu. Mzee alifika kumi na tano. Akafika ishirini. Macho yake yalikuwa kwenye mshipi pale unapoingia majini, na mimi nilikuwa nimeshika wavu wa mkono bila kujua nimeushika saa ngapi.

"Ishirini na mbili," akasema, na mshipi ukahama kushoto.